Gideoni Alikwenda Usiku

Maandiko ya wiki: Waamuzi 6:11–40, Waamuzi 7:9–15, 1 Wakorintho 16:10



Kuna swali ambalo wazazi hunivuta kando baada ya ibada kuniuliza, tena kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nikimpeleka binti yangu kwa mshauri kwa sababu anaogopa watu, si nitakuwa nimekosa imani?" Ni swali zuri na linastahili jibu. Lakini wacha nianze na kosa langu mwenyewe, kwa maana jambo hili sikujifunza kwa kitabu.

Miaka kadhaa iliyopita, Jumapili ya vijana, nilikuwa naongoza kipindi cha ushuhuda. Kulikuwa na msichana mmoja wa kidato cha pili, mtoto mpole, hajawahi kusumbua mtu. Nikamwona amejikunja kule nyuma. Nikasema moyoni, leo huyu nitamfungua. Nikaita jina lake kwa maiki. Akaja polepole, macho chini. Nikamwekea maiki mkononi nikamwambia, "Wasalimie watu wa Mungu." Kimya. Mkono ukaanza kutetemeka mpaka maiki ikawa inagonga kifungo cha sweta yake, ko, ko, ko, na kanisa lote linasikia kwa spika. Watu wakaanza kupiga makofi kumtia moyo. "Sema, mtoto wetu, Yesu yuko nawe!" Makofi yakazidi. Yule mtoto akaiweka maiki juu ya kinanda, akatoka kwa mlango wa kando. Hakurudi kwa karibu miezi mitano.

Kila Jumapili mama yake alituambia tumbo linamuuma. Tukaliombea tumbo. Na wapendwa, lile tumbo lilikuwa linauma kweli. Hakuwa anadanganya. Lilikuwa linaanza kuuma Jumamosi jioni, akiona mama anapiga pasi nguo za kanisa.

Nilikuja kuongea naye baadaye, wakati tayari alikuwa anasaidiwa na mwalimu wa ushauri nasaha shuleni. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, siku ile mkinipigia makofi, nilisikia ni kama mnanichapa." Amenikubalia niandike haya bila kumtaja jina. Nayaandika kwa sababu najua hayuko peke yake kwenye viti vyetu.

Hofu hii ni ya aina gani?

Kila mtu huona haya. Hata mimi nikisimama mbele ya wageni moyo hudunda. Hiyo si shida. Lakini kuna hofu ambayo inamshika mtu kama kamba. Wataalamu huiita hofu ya kijamii: hofu ya kutazamwa, kupimwa na kuchekwa na watu. Tangu mwaka 1980 imeandikwa katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kama shida inayojitegemea. Mara nyingi huanza katika ile miaka ya ujana, na huwapata wasichana kuliko wavulana.

Ukitaka kuijua, usiitafute kanisani kwanza. Iangalie kwa matatu. Msichana anafika steji yake, lakini hawezi kumwambia makanga amshukishe, kwa sababu watu wote watageuka wamwangalie. Anangoja mtu mwingine ashuke, steji ya pili, ya tatu, halafu anarudi kwa miguu. Iangalie darasani: anajua jibu, ameliandika hata kwa daftari, lakini mkono hauinuki. Iangalie saa saba mchana, jua kali, na yeye bado amevaa sweta ya shule ili jasho lisionekane. Yuko tayari kukaa njaa kuliko kula mbele ya wengine.

Sasa sisi wakubwa huwa tunafanyaje? Tunakosea kwa njia mbili.

Ya kwanza, tunaisifu. "Huyu ana adabu sana. Hana maneno mengi. Si kama wale wengine." Mvulana akinyamaza tunauliza ana nini. Msichana akinyamaza tunasema amelelewa vizuri. Kwa hivyo mateso yake yanavaa nguo ya heshima na yanapita mbele yetu bila mtu kuyatambua. Anaumia, na sisi tunampa pongezi.

Ya pili, siku tukigundua kwamba si adabu, tunaikemea. Tunachukua lile andiko la 2 Timotheo 1:7 kuhusu roho ya woga tunamwekea kichwani pamoja na mikono. Sisemi mapepo hayapo. Mimi ni Mpentekoste, na nimeona watu wakifunguliwa. Lakini tuwe waangalifu. Ukimwambia mtoto kwamba kutetemeka kwake ni pepo, ukamwombea, na Jumatatu akatetemeka tena mbele ya darasa, umemwongezea mzigo. Jana alikuwa na hofu. Leo ana hofu, na pia anadhani Mungu amemkataa.

Tena tusome ile barua yote. Paulo hakumwandikia Timotheo kama mtu anayekemea. Mistari michache tu kabla ya pale, anakumbuka machozi ya kijana huyu na anatamani kumwona. Anawataja nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Ni barua ya baba. Na kuna mstari mwingine ambao sisi huupita haraka. Katika 1 Wakorintho 16:10, Timotheo anapotumwa Korintho, Paulo anaandikia kanisa. Analiambia kanisa lihakikishe kwamba kijana huyu akiwa kwao hana cha kuogopa. Umeona? Mzigo wa hofu ya Timotheo, Paulo anauweka pia mabegani mwa washirika. Na huyo Paulo mwenyewe, katika sura ya 2 ya barua hiyo hiyo, anakiri kwamba alipofika kwao alikuwa na hofu na kutetemeka kwingi. Mtume! Hakuna aliyempigia makofi ili aache kutetemeka.

Huko kwa mshauri kunafanyika nini?

Wazazi wengi wanadhani ukimpeleka mtoto kwa mshauri atapewa vidonge alale, au atafundishwa kuwadharau wazazi. Wacha nieleze kwa lugha rahisi ile njia ambayo imepimwa kuliko nyingine kwa shida hii.

Mshauri humsikiliza msichana mpaka waone pamoja hofu yake inavyofanya kazi. Kwanza kuna wazo: "Nikiongea watacheka." Wazo linaamsha mwili: moyo unakimbia, mikono inalowa. Sasa msichana anaacha kusikiliza watu na anaanza kujichunguza yeye. Sauti yangu iko aje? Uso wangu umekuwa mwekundu? Halafu anajificha kwa mbinu zake ndogo ndogo: kuangalia chini, kujifanya ana shughuli na simu, kurudia kila neno kichwani kabla ya kulisema, kuvaa ile sweta. Mbinu hizo zinamwokoa kwa dakika moja tu, kisha zinamfunga, maana kila siku mwili unajifunza, "Nimepona kwa sababu nilijificha."

Basi wanatengeneza ngazi. Msichana mwenyewe ndiye anayezipanga hatua zake, kuanzia inayomwogopesha kidogo mpaka ile inayomwogopesha zaidi. Yule wetu, hatua yake ya kwanza ilikuwa kumuuliza muuza duka bei ya kalamu. Ya pili, kumwambia makanga, "Nishukishe hapo." Ya tatu, kumuuliza mwalimu swali baada ya kipindi, wakiwa wawili. Kabla ya kila hatua anaandika anachotarajia kitatokea: "Atanicheka." Baadaye anaandika kilichotokea: "Alisema shilingi ishirini." Siku nyingine anaenda bila sweta, aone kama dunia itaanguka. Washauri wengine humrekodi msichana kwa video akiongea, kisha wanaitazama pamoja, naye anashangaa kwamba kutetemeka kule anakokusikia ndani kama tetemeko la ardhi, kwa nje karibu hakuonekani. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo.

Na vidonge? Mwongozo wa afya uliotolewa Uingereza mwaka 2013 kuhusu shida hii unapendekeza tiba ya mazungumzo ya namna hii kwa watoto na vijana, mmoja mmoja au kwa kikundi, na unaonya kwamba dawa zisiwe ndizo wanazopewa kwa kawaida. Kwa hivyo mzazi, ondoa hofu hiyo. Wewe pia una hofu zako!

Hata hapa kwetu kazi inafanyika. Kuna mpango unaoitwa Shamiri, ambapo vijana waliomaliza sekondari juzi juzi wanafundishwa kukaa na wanafunzi kwa vikundi, mara nne tu, saa moja hivi kila wiki. Matokeo yake kwa wanafunzi zaidi ya 400 yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida kubwa la madaktari wa akili la Marekani, na yalionyesha kwamba huzuni na wasiwasi ulipungua. Haukulenga hofu ya kijamii peke yake, na si kila mtoto atapona kwa vikao vinne. Lakini unatufundisha kitu: msaada si lazima utoke kwa mtu mwenye koti jeupe mjini. Mtu wa kawaida aliyefundishwa vizuri, mwenye subira, anaweza kushika mkono wa mwingine.

Mungu na mtu mwoga

Sasa turudi kwa Gideoni, maana nilipoisikia ile habari ya ngazi nilisema, hii nimeisoma mahali.

Gideoni tunakutana naye amejificha. Anapepeta ngano ndani ya shinikizo, mahali pa kukamulia zabibu, ili Wamidiani wasimwone. Malaika anamwita shujaa. Yeye anajibu kwamba ukoo wake ni dhaifu na yeye ndiye mdogo kabisa kwa nyumba ya baba yake. Hayo ni maneno ya mtu anayejiona kwa macho ya watu.

Mungu anafanyaje? Hampeleki vitani siku hiyo. Kwanza anamruhusu aombe ishara. Kisha anampa kazi moja ya nyumbani, kubomoa madhabahu ya Baali ya baba yake. Na Biblia haifichi: Gideoni alichukua watu kumi, akaifanya kazi hiyo usiku, kwa sababu aliogopa jamaa zake na watu wa mji. Usiku! Sisi tungesema, "Ndugu, kama una imani, fanya mchana." Mungu hakusema hivyo. Madhabahu ilibomolewa usiku, na Mungu akaihesabu kuwa imebomolewa.

Halafu akaomba ishara ya ngozi ya kondoo, mara mbili, na Mungu hakumkasirikia. Halafu ule usiku kabla ya vita, sura ya 7, Mungu anamwambia ashuke kambini, lakini kama anaogopa, aende na mtumishi wake Pura, asikilize wanayoyasema. Fikiria hapo. Mungu anajua anaogopa. Hamkemei. Anampa mwenzake wa kwenda naye, na anampeleka akasikie kwa masikio yake wale anaowaogopa wanasema nini hasa. Gideoni alikuwa na Wamidiani wake kichwani, wakubwa kuliko milima. Alipofika karibu alisikia mtu akisimulia ndoto, na mwenzake akiifasiri kwa hofu. Kumbe nao walikuwa wanaogopa! Hapo ndipo mikono yake ikapata nguvu.

Hatua kwa hatua, na mtu wa kumsindikiza, na kwenda kusikia ukweli badala ya kukaa na mawazo. Mshauri hakubuni njia ya kushindana na ya Mungu. Amepita pale ambapo Mungu alimpitisha mtu mwoga zamani sana.

Basi jibu la lile swali. Kumpeleka binti kwa mshauri ni kukosa imani? Fungua Waebrania 11, ule mstari wa 32, kwenye orodha ya mashujaa wa imani. Gideoni yuko. Mtu wa shinikizo, mtu wa usiku, mtu wa Pura. Imani haikupimwa kwa kutokuwa na hofu. Ilipimwa kwa kwenda. Na binti anayemwambia makanga "nishukishe" huku moyo unataka kutoka kifuani, huyo ameenda.

Upendo unaosukuma, upendo unaoficha

Lakini kuna swali lingine chini ya hilo, na hili linatuhusu sisi zaidi kuliko yeye. Kumpenda mtoto anayeogopa ni kufanya nini?

Wengine wetu tunapenda kwa kusukuma. Tunamtupa majini tukisema ataogelea. Mimi ndivyo nilivyofanya ile Jumapili. Nikijichunguza leo, naona nilikuwa nataka ushuhuda mzuri kwa kipindi changu. Nilimtumia. Ni vigumu kuandika neno hilo, lakini ndilo.

Wengine tunapenda kwa kuficha. Mama anamjibia kila swali. Wageni wakija, "Mwacheni, yeye huona haya," na mtoto anabaki chumbani na simu. Tunaona tunamhurumia. Lakini kila mara tukimjibia, tunamwambia bila kusema, "Hutaweza." Na hofu inanenepa.

Upendo wa Pura ni wa tatu. Pura hakumsukuma Gideoni, wala hakwenda badala yake. Alishuka naye gizani. Wapendwa, ni kazi ya polepole na haina sifa. Hata Biblia haimwelezi Pura ni nani zaidi ya jina lake na kazi yake.

Neno la tahadhari. Si kila mtu mnyamavu ni mgonjwa. Hana alipokuwa anaomba midomo ikicheza bila sauti, kuhani Eli alidhani amelewa. Sisi watu wa sauti kubwa tusilifanye kosa la Eli. Kuna watu Mungu amewaumba watulivu, na utulivu wao ni zawadi kwa kanisa. Uliza swali moja tu: anataka lakini hawezi? Kama hataki kuongea na ana amani, mwache na amani yake. Kama anatamani kwenda na wenzake, kuuliza, kuimba, kisha analia kwa sababu ameshindwa, huyo anahitaji msaada.

Tutafanya nini sisi?

Kanisani, tusimwite kijana mbele bila kumuuliza mapema, katikati ya wiki, akiwa na nafasi ya kusema hapana. Tuwape vijana huduma za mikono pia, kupanga viti, kupokea wageni wakiwa wawili wawili, si maiki peke yake. Akitetemeka, tusimcheke, wala tusimzidishie makofi. Tumngoje.

Nyumbani, mzazi, usimjibie. Mpe dakika. Msifu kwa alichojaribu, si kwa alivyofanya vizuri. Muombee, na umuombee naye akiwepo, kwa sauti ya kawaida.

Kama shida imedumu kwa miezi na inamzuia kusoma, kula na wenzake au kutoka nje, anza na mwalimu wa ushauri nasaha shuleni, au hospitali ya umma iliyo karibu. Mshauri, muulize amesomea wapi na anafanyaje kazi na vijana. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure. Na kama mtoto anazungumza juu ya kufa au kujiumiza, usingoje Jumapili. Nenda siku hiyo hiyo. Tutakuja kuomba tukukute huko.

Yule binti alirudi. Hakai mbele, anakaa kiti cha tatu kutoka nyuma, karibu na ule mlango wa kando, na ni sawa. Nilimwomba msamaha, akanisamehe, kwa neno moja tu. Mwezi uliopita, kwenye kikundi cha nyumbani, tulikuwa watu saba, alisema yeye atasoma andiko. Hakuna aliyemwomba. Alisoma akiwa ameketi. Karatasi ilikuwa inatetemeka. Alikosea neno moja, akalirudia, akamaliza. Hatukupiga makofi. Mama wa ile nyumba alimpitishia chai, tukaendelea na somo.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Ni nani katika familia yako ambaye umekuwa ukisifu adabu yake bila kumuuliza kama ana amani?
2. Wewe hupenda kwa kusukuma au kwa kuficha? Toa mfano wa wiki hii.
3. Ni lini mtu alikuwa Pura kwako?

Tuombe: Bwana, uliyemngoja Gideoni, tufundishe kungoja. Wasaidie mabinti zetu wanaoogopa macho ya watu, na uyafanye macho yetu yasiwe ya kuogopwa. Wape washauri hekima, wape wazazi subira. Katika jina la Yesu. Amina.